Kisumu hadi Port Victoria kwa boti ndogo: ziwa lina saa zake

Anayetaka kupeleka boti yake maji ya kaskazini, kule Usenge, Mageta na Port Victoria, huuliza kwanza ni kilomita ngapi kutoka Kisumu. Kwa njia ya maji ni kama 140: 65 hivi za kushuka Ghuba ya Winam hadi Luanda Kotieno, 45 au 50 za kuzunguka rasi ya Uyoma na kupanda mpaka Usenge, kisha 25 za mwisho, ambazo ndani yake unavuka ikweta bila hata kibao cha kukuambia. Ila safari hii haipimwi kwa kilomita, inapimwa kwa saa. Boti ya futi 20 ikifungua kamba saa kumi na mbili asubuhi hufika Luanda Kotieno kabla ya saa tatu, abiria wakiwa wakavu. Boti hiyohiyo, injini hiyohiyo, ikiondoka saa tano itapigwa usoni njia nzima, na mara nyingi itageuza.

Upepo ndio wenye ratiba. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na hewa baridi huteremka kutoka milima ya Nandi na nyanda za Kericho kuelekea ziwani. Alfajiri upepo huo mwepesi uko mgongoni mwa anayekwenda magharibi na maji yamelala. Jua likishapasha ardhi mambo hugeuka. Kati ya saa tano na saa saba upepo huanza kuingia kutoka ziwani, magharibi na kusini-magharibi, na kufikia saa tisa umeshika kasi yake yote. Ghuba imelala karibu sawa na njia ya upepo huo, kilomita 60 na zaidi, na upande wa Kisumu kina chake ni mita nne, tano, sita. Maji mafupi namna hiyo hayatoi wimbi refu la kupanda na kushuka kwa raha. Hutoa wimbi fupi, lililosimama kama ukuta, na lingine liko nyuma yake sekunde tatu tu. Boti haijamaliza kupanda la kwanza, pua imeshachomekwa kwenye la pili.

Kwa hiyo kanuni yetu ni moja na hatuna huruma nayo: kamba ifunguliwe kabla ya jua kuchomoza vizuri, na boti iwe imefungwa mahali penye kinga saa sita mchana. Mafuta yanunuliwe jana yake. Mizigo ipakiwe jana yake. Mgeni akichelewa mpaka saa nne, siku hiyo nendeni Ndere tu, kilomita 30 hivi, mkatazame swala kwenye hifadhi ya kisiwa. Huko hata upepo ukiamka, kurudi Kisumu ni kwenda nao.

Na kwenda nao kuna mtego wake. Watu huona upepo wa mgongoni ni zawadi, wakafungulia injini. Boti inapoteremka mgongo wa wimbi kwa kasi kubwa kuliko wimbi lenyewe, pua hujikita kwenye wimbi la mbele, nyuma inanyanyuka, usukani unakosa kazi, na boti inageuka ubavu. Wimbi linalofuata huikuta hivyo. Ukipunguza mno nako, wimbi hukufikia na kuingia juu ya ubao wa injini. Boti nyingi za hapa zimekatwa ubao huo chini, inchi 15, kwa injini ya mguu mfupi, na hazina kizuizi cha pili cha maji. Mwendo ulio salama ni ule wa kukaa mgongoni mwa wimbi moja bila kulipita, abiria wakisogea nyuma kidogo ili pua iwe nyepesi, na mkono usiondoke kwenye mpini wa mafuta. Ubao wa inchi 20 ni jambo la kuulizia kabla hata hujauliza bei ya boti.

Radi ni habari nyingine, na hapa hatutakuwa na haraka. Eneo hili la Ziwa Victoria na nyanda zilizo juu yake lina ngurumo nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Mchana mawingu hujijenga juu ya Nandi: kwanza vichwa vya pamba, kisha mnara mmoja unaozidi wenzake, kisha kilele kinatandazika kama fuawe la mhunzi. Jioni mnara huo huelekea Kisumu na ghuba. Dalili ambayo wageni hawaielewi ni utulivu. Upepo wa magharibi uliokuwa ukivuma tangu saa saba unakatika ghafla, maji yanalainika, na mtu anasema afadhali. Dakika kumi baadaye, wakati mwingine tano, ubaridi unakuja kutoka mashariki ukiwa na harufu ya mvua, na nyuma yake mstari mweusi juu ya maji. Huo ni upepo unaomwagika kutoka chini ya wingu, nao unagongana na mawimbi yaliyokwisha kuelekea upande wa pili. Maji huchafuka bila mpangilio. Hakuna pembe moja ya kuyakabili.

Hesabu sekunde kati ya mwanga na mlio, gawa kwa tatu, upate kilomita. Sekunde 30 ni kilomita kumi, na wingu la namna hiyo halikawii kufika. Ukiwa karibu na ufuo, ingia bichi yoyote, hata kama hujui jina lake. Ukiwa mbali, laza antena, fimbo za kuvulia na kijiti cha bendera, kila mtu akae chini sakafuni katikati, asiguse reli wala injini, na boti ielekezwe pua kwenye upepo kwa mwendo mdogo wa kutosha kushika usukani tu. Majaketi yavaliwe unapoona mnara wa wingu. Mvua ikishaanza mikono imekufa ganzi na kila kishikizo ni kigumu. Usiku ngurumo hizo huhamia katikati ya ziwa, ndiyo maana hatupendekezi mtu alale kwenye maji ya wazi nje ya kisiwa cha Rusinga miezi ya Machi hadi Mei, hata kama jioni ilikuwa shwari. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa. Usome, kisha utazame Nandi.

Sasa injini. Ziwa liko mita 1,135 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini isiyo na turbo ya kuisukumia hewa hupoteza nguvu kama asilimia tatu kwa kila mita 300, kwa hiyo injini ya farasi 40 iliyonunuliwa Mombasa ikifika Kisumu inafanya kazi kama ya 35. Mwenye boti hulaumu fundi, hulaumu mafuta. Tazama propela kwanza. Imechongwa namba mbili: kipenyo, na umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja, zote kwa inchi. Punguza namba ya pili kwa inchi moja, au mbili kama unabeba watu wengi. Kila inchi inarudisha mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika. Kama injini haifiki mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu chake ukiifungulia yote, inabeba mzigo mzito kuliko uwezo wake, na plagi zitakuwa nyeusi kwa masizi kabla ya mwezi kuisha.

Jambo la pili la boti zinazotoka pwani: kile kipande cha zinki kwenye mguu wa injini, kinachowekwa kiliwe badala ya injini. Kwenye maji baridi zinki hujifunika ngozi ngumu na kuacha kazi. Badilisha uweke magnesi. Na usishangae boti ikikaa chini kidogo kuliko ilivyokaa baharini, maana maji yasiyo na chumvi ni mepesi.

Injini ya mipigo miwili au minne? Ya minne hunywa kidogo na haipigi kelele. Lakini Usenge, Mageta au Port Victoria, kila bichi ina kijana anayeifungua ya mipigo miwili gizani na kuifunga ikawaka. Ya minne yenye kompyuta ikigoma, unasubiri mtu wa Kisumu. Kwa safari ya kaskazini sisi tunabeba ya mipigo miwili na kulipia mafuta ya ziada bila kinyongo. Uwiano wa kawaida baada ya injini kuzoea ni 50 kwa 1: mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli. Pima kwa chupa yenye alama, achana na kifuniko na kubahatisha. Mimina oili kwanza na petroli nusu, tikisa, ndipo ujaze.

Hesabu ya mafuta ni hii. Injini ya farasi 40 ikisukuma boti ya futi 20 kwa kilomita 25 kwa saa hutumia kama lita 12 kwa saa, yaani karibu nusu lita kwa kilomita. Kilomita 140 ni lita 70. Kwenda na kurudi ni 140. Ongeza nusu ya hizo kwa upepo, kuzunguka nyavu na kupotea: 210. Petroli lita 210 ina uzito wa kilo 155 hivi, watu wawili wazima waliokaa nyuma, palepale ambapo wimbi huingia. Kwa hiyo hakuna anayebeba zote. Beba 110, ongeza njiani, lakini ujue unachoongeza. Mafuta ya chupa na jerikeni kando ya ziwa mara nyingine yana maji, mara nyingine yana mafuta ya taa. Mimina kidogo kwenye chupa ya kioo, acha dakika tano: maji hukaa chini na mstari wake unaonekana. Mafuta ya taa hayaonekani hivyo. Dondosha tone kwenye karatasi, petroli hukauka na kuondoka, mafuta ya taa huacha doa lenye utelezi. Chujio la kutenganisha maji kati ya tangi na injini lisikosekane, na chujio la akiba lisikosekane pia.

Vipuri vingine ni vichache: plagi mbili na spana yake, impela ya pampu ya maji, kamba ya kuwashia, hozi ya mafuta yenye pampu yake ya mkono, propela ya pili, nati yake na spliti pini tatu, kwa sababu moja utaiangusha majini. Propela ina mpira ndani yake unaokubali kuteleza ikigonga kitu. Ukisikia injini inapiga kelele za kasi na boti haisogei, mpira umekufa. Ukienda polepole sana mara nyingine unashika, na huo mwendo wa kobe unatosha kukufikisha ufuoni. Ile kamba ya kuzimia injini ifungwe mguuni au kiunoni mwa nahodha, kila siku, hata ziwa likiwa shwari. Nahodha akianguka na injini haijazimwa, boti hujizungusha yenyewe na kurudi pale alipo.

Kwenye ghuba adui wa injini ni gugumaji. Limo humu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na linatembea kwa ratiba ileile ya upepo. Mchana husukumwa mashariki, likafunga Dunga na bandari ya Kisumu. Usiku na alfajiri hulegea na kurudi magharibi. Ukilala kwenye hori iliyofunguka upande wa magharibi, unaweza kuamka saa kumi jioni ukiwa katikati ya shamba la kijani. Usilipande kwa nguvu. Mizizi huziba matundu ya maji ya kupoza, ule mkojo mwembamba unaotoka nyuma ya injini unakatika, na ndani ya dakika chache impela imekauka na kuungua. Zima, inua mguu wa injini, toa majani kwa mkono, halafu tumia pondo na makasia. Kipande kinachokataa kinakatwa kwa panga kutoka ndani ya boti. Asishuke mtu. Chini ya zulia hilo hujui kina, na nyoka na kiboko nao hujisitiri humo.

Nyavu zinastahili adabu zaidi kuliko hofu. Nyavu za ngege na mbuta hutegwa jioni na kutolewa asubuhi, kwa hiyo saa zako nzuri za safari ndizo saa ambazo ziko majini. Boya ni chupa ya plastiki, kipande cha povu, au jerikeni lililopauka. Ukiona moja, simamisha macho, utafute la pili. Wavu uko katikati. Zunguka nje. Ukishaingia bila kujua, weka gia huru, inua injini, acha boti iteleze juu. Ukinaswa, zima na ufungue kwa mkono ukizungusha propela kinyume. Kisu ni cha mwisho kabisa, na aliyekata wavu haondoki kimyakimya. Nenda bichi iliyo karibu, uliza ofisi ya BMU, kamati inayosimamia bichi, eleza, lipa. Habari husafiri kwa simu upesi kuliko boti yako, na bichi uliyoikimbia leo ndiyo utakayoomba msaada kesho.

Usiku usio na mwezi taa za wavuvi wa omena, dagaa wa ziwa hili, hutandaa kama mji. Kila taa inaelea kwenye boya lake na wavu hauko mbali nayo. Usipite kati ya taa na taa. Pitia nje ya safu nzima, mita 200, ukiwa na taa yako nyeupe inayoonekana pande zote. Usiku wa mbalamwezi omena hawavuliwi sana, giza hupungua, lakini nyavu zisizo na taa zinabaki. Kwa kifupi, usiku tia nanga.

Kuanzia Luanda Kotieno unaingia mkondo wa Rusinga, na kina kinabadilika kutoka mita chache hadi makumi ya mita. Kivuko cha Mbita hukatiza hapo siku nzima. Mpishe, yeye hawezi kukupisha. Meli za kutoka Kisumu kwenda Port Bell nazo hufuata njia hii ya kina kirefu, na mawimbi ya nyuma yao hukufikia baada ya wewe kusahau kwamba zilipita. Ukishatoka nje, rangi ya maji inabadilika na wimbi linabadilika. Hapa upepo wa kusini-magharibi umekimbia juu ya maji zaidi ya kilomita 200 bila kitu cha kuuzuia. Aliyezoea ghuba huona wimbi hili refu ni pole, mpaka linapogonga miamba ya Uyoma na kurudi. Kaa kilomita mbili kutoka ufuoni na usikate kona.

Kutoka hapo kwenda kaskazini utaona vizimba vya samaki, vingi zaidi kuelekea Anyanga na Usenge. Kamba zake za nanga hutoka nje mbali kuliko fremu inayoonekana. Mita 100 ni umbali wa heshima, na walinzi wanalala juu yake, kwa hiyo punguza mwendo. Kitu kingine hakiko kwenye ramani yoyote ya zamani: ziwa lilipanda mno mwaka 2020, na likarudia kupanda 2024. Nguzo za uzio, visiki vya miti na gati za zamani zilibaki chini ya maji mafupi. Ingia bichi polepole, mtu mbele akiwa na pondo, injini imeinuliwa nusu.

Mageta ni mahali pazuri pa kulala, na wazee bado wanakumbuka kwamba serikali ya kikoloni ilikifanya kisiwa hiki kambi ya wafungwa wakati wa Mau Mau. Lakini zunguka upande wa mashariki. Mpaka wa Uganda unashuka kutoka mdomo wa Mto Sio hadi kisiwa cha Sumba, kisha unakuja kugusa ncha ya magharibi ya Mageta. Anayezunguka kwa nyuma kutafuta mandhari ya jua kuzama ameshatoka Kenya bila kujua, na doria ya upande ule haitamuuliza kama alikuwa anapiga picha. Kitambulisho cha kila mtu na karatasi za boti za KMA, mamlaka ya usafiri wa majini ya Kenya, ziwe kwenye mfuko usioingiza maji. Simu ikikukaribisha Uganda kwa ujumbe, hiyo ni minara tu, wala si mpaka. Usiitumie kama dira.

Tope la huku ni laini. Jiwe la wavuvi hushika boti yao nyepesi, lako litaburuzwa. Nanga ya majembe mawili ya kilo sita au saba, mnyororo mita tatu, na kamba mara tano ya kina, mara saba kukiwa na wingu. Upande wa mashariki wa kisiwa unakinga upepo wa jioni, lakini usiku upepo wa nchi kavu utakugeuza uelekee kisiwa, kwa hiyo acha nafasi ya kuzunguka duara zima. Kuoga pia kuna saa zake. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa kwenye majani ya ufuoni, wengi zaidi kuanzia asubuhi iliyokomaa hadi mchana. Usisimame kwenye maji ya magotini. Maji ya kuogea yaliyochotwa mbali na ufuo na kuachwa kwenye ndoo iliyofunikwa saa 48 hayana tena hatari hiyo; ya kunywa yachemshwe.

Kilomita 25 za mwisho, Usenge hadi Port Victoria, huonekana rahisi kwenye simu. Katikati yake, kaskazini kidogo tu ya ikweta, Mto Nzoia unamwaga tope lake, na baada ya mvua kubwa maji ya kahawia hutoka mbali sana nje, yakibeba magogo na visiwa vya mafunjo vinavyoelea. Fungu la mchanga kwenye mdomo huhama kila msimu, na mamba wako. Rangi ya maji ndiyo ramani: baki nje ya kahawia, hata kama inakuongezea nusu saa. Siku ya kurudi, ondoka Port Victoria saa kumi na moja na nusu alfajiri, uwe umepita mdomo huo na kukaribia Usenge saa moja, ujaze mafuta, na ufike Luanda Kotieno kabla ya saa nne na nusu. Ukifika hapo saa sita, funga kamba, ule ngege. Ghuba uivuke kesho.